Msomaji Asiyeruka Mstari

Jumatatu, 2 Machi

Mvua zimeanza leo, na ofisi yetu imevuja palepale ilipovuja mwaka jana. Kampuni inayojisifu kwamba inatunza kazi za watu kwenye wingu la mtandao inatunza maji ya mvua kwenye ndoo ya rangi, karibu na meza yangu. Nimehamisha kiti. Hakuna mwingine aliyehamisha chochote.

Nimepewa kazi mpya. Bosi, ambaye kisogoni tunamwita Mzee wa Maono ingawa nimemzidi umri, aliniita chumbani kwake kunieleza jambo ambalo yeye mwenyewe alielezwa asilielewe. Kwa kifupi ni hivi. Tunayo programu inayoitwa Kirudishi. Huduma ya mteja ikikwama, Kirudishi huishusha na kuipandisha tena kutoka kwenye nakala nzima ya mwisho, na mteja huendelea na shughuli zake asijue kilichotokea. Mpaka sasa kinaendeshwa na watu. Kuanzia mwezi ujao kitaendeshwa na wakala, yaani akili bandia inayofanya kazi yenyewe bila mtu kubonyeza kitu. Kazi yangu ni kuandika mwongozo ambao wakala huyo atausoma na kuufuata.

"Andika kama unamwandikia mtu mwenye akili sana," aliniambia.

"Itabidi nijizoeze," nilimjibu, "maana hapa sijawahi kumpata."

Alicheka. Alidhani nawasema wenzangu tu.

Jumatano, 4 Machi

Ukitaka kuandika mwongozo wa kazi, lazima kwanza uangalie watu wanavyoifanya, na hapo ndipo unapojuta. Leo nimekaa kutwa nzima nikimwangalia Fundi Mkuu akitumia Kirudishi. Yeye ndiye aliyekitengeneza, na hakuna siku inayopita bila kutukumbusha.

Nilichokiona ni kichekesho. Kabla hajashusha huduma, Fundi Mkuu husimama, huweka mikono kiunoni na kusema kwa sauti chumba kizima kisikie, "Nashusha." Halafu husubiri. Anamsubiri nani? Anamsubiri dada wa huduma kwa wateja aliye kule pembeni dirishani, tunayemwita Karanga kwa sababu mdomo wake haupumziki kuzitafuna. Karanga hutupa jicho kwenye kioo chake, humeza, kisha husema, "Shusha." Wakati mwingine husema, "Bado," na msomi wa vyuo viwili hubaki amesimama kama mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nilimuuliza Fundi Mkuu kama hilo nalo ni hatua ya kazi.

"Hayo ni mazoea tu ya ofisi," alisema haraka. "Usiyaandike. Mashine haina haja ya kupiga kelele."

Hiyo ni sentensi yake ya kwanza ya maana tangu nimjue. Nimelifuta jambo lote kwenye rasimu yangu kwa furaha.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Nyumbani hakuna jipya, lakini acha niandike hali ilivyo, kwa kuwa kazi hii imeingia mpaka sebuleni kwangu.

Naishi na Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Mapafu yake yamechoka. Anapumua kwa mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kitanda chake, na mtungi ukikaribia kuisha, kampuni ya mitungi inapelekewa oda kwa programu ya simu na kutuma mwingine. Mwenye kuagiza ni Kitinda, binti yake wa mwisho, ambaye anaishi nasi na hana kazi. Nasema hana kazi kwa kutia asali. Kitinda anaamka, anafagia, anapika, anakaa na mama yake, na katikati ya hayo analala popote usingizi unapomkuta. Jukumu lake moja la maana hapa duniani ni kubonyeza simu mtungi unapopungua.

Sasa, kampuni hiyo ya mitungi ni mteja wetu. Oda zake zinapita kwenye huduma ambayo Kirudishi huishusha na kuipandisha. Kwa hiyo mwongozo ninaouandika unahusu pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Sijamwambia yeyote ofisini. Wangenipa pole, halafu wangeniongezea kazi.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Ndoo imejaa. Kikao kuhusu ndoo.

Alhamisi, 12 Machi

Nilimfuata Fundi Mkuu mezani kwake nikiwa na swali moja tu, kwa sababu maswali mawili humchanganya.

"Oda iliyokwisha kupokelewa inaweza kupotea wakati wa kushusha huduma?"

"Oda iliyopokelewa haipotei," alisema, kifua mbele.

"Una hakika?"

"Dada, mfumo nimeutengeneza kwa mikono yangu. Tangu umeanza haijapotea hata moja."

Nimeiandika kama alivyoisema: Oda iliyopokelewa haipotei. Ni sentensi fupi, haina doa. Nimeiweka juu kabisa ya ukurasa.

Alhamisi, 19 Machi

Leo wakala amesoma mwongozo wangu kwa mara ya kwanza, kwa majaribio, na nakiri nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi.

Nimeandika miongozo ya kampuni hii kwa miaka. Hakuna anayeisoma. Fundi huuliza jambo lililo kwenye mstari wa pili. Bosi hutazama ukurasa wa kwanza, husema "safi sana," na kuuliza kama tunaweza kuongeza picha. Huyu amesoma kila neno. Nilikuwa nimeandika "subiri kidogo kisha ujaribu tena," akaniuliza kwa heshima zote, kidogo ni sekunde ngapi. Nilikaa nikalitazama swali hilo. Ni kweli, kidogo ni kiasi gani? Nilirekebisha. Akashukuru. Katika ofisi hii nimeshukuriwa mara chache sana, na mara nyingi ilikuwa ni kwa ajili ya kuazimisha chaja.

Mwishoni aliuliza jambo moja zaidi. "Je, kuna mtu anayepaswa kujulishwa au kukubali kabla huduma haijashushwa?"

Niliinua macho. Karanga alikuwa anakung'uta maganda kutoka mapajani mwake.

Nilimwandikia, "Hapana."

Jioni nilimweleza Shangazi kuhusu msomaji wangu. Alisikiliza akiwa ameegemea mito, na mpira wa hewa puani.

"Anasoma kila neno?"

"Kila neno, Shangazi."

"Basi kawashinda wanangu wote," alisema. "Wewe barua zangu ulikuwa unasoma mwisho tu, uone kama nimetuma kitu. Na huyu Kitinda hata mwisho hafiki."

Kitinda alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alicheka pamoja nasi, kwa kuwa hana habari anapochekwa.

Jumatatu, 30 Machi

Uzinduzi. Keki, na hotuba ya Mzee wa Maono iliyokuwa ndefu kuliko keki. Alimwita wakala "mfanyakazi mwenzetu mpya" na akatuomba tumpigie makofi. Watu wazima wakaipigia makofi kompyuta iliyokuwa imezimwa kioo. Kuhusu mwongozo, alisifia rangi ya vichwa vya habari.

Jumatano, 8 Aprili

Raha ya ofisi yenye utulivu. Hakuna tena wa kusimama na kutangaza anashusha nini. Wakala anashusha na kupandisha kimyakimya, na kazi zinakwenda. Karanga amebaki na simu za wateja tu. Nadhani hata yeye hajui kwamba amepunguziwa cheo, kwa sababu hajui kwamba alikuwa nacho.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua kubwa, mtandao unakatika na kurudi. Huduma ya oda za mitungi inakwama kila mara, na kila mara wakala anaishusha na kuipandisha kabla mtu hajaona. Leo peke yake amefanya hivyo mara nyingi kuliko Fundi Mkuu alivyokuwa akifanya kwa wiki nzima. Fundi ananung'unika kwamba mashine haina subira. Wivu mtupu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Viatu havikauki.

Jumatatu, 20 Aprili

Kifua cha Shangazi hakipendi unyevu huu. Anakohoa, na mtungi unaisha upesi kuliko kawaida. Kitinda amehamishia godoro lake sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, eti amsikie akiita. Ukweli ni kwamba amepata sababu ya kusinzia mchana. Leo nimemkuta saa tisa alasiri amelala ameketi, kichwa kimeegemea ukuta, mkono umeshika simu. Nilimgusa bega nikamwambia mtungi ukipungua aagize mapema, asingoje.

"Sawa, Dada," alisema. "Nauangalia kila saa."

Nilimwambia kuangalia si kuagiza. Akasema sawa tena. Neno hilo analo jingi.

Jumamosi, 25 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Mtungi ulitakiwa kufika jana. Haukuja. Kitinda alisema ni mvua, barabara zimejaa maji, wataleta asubuhi. Asubuhi hawakuleta. Nilipoingia chumbani kwa Shangazi baada ya chai, mshale wa mtungi ulikuwa umelala kabisa kwenye nyekundu, na Shangazi alikuwa anavuta pumzi kwa mabega.

"Uliagiza?" nilimuuliza Kitinda.

"Niliagiza Alhamisi, Dada."

"Nionyeshe."

Alifungua simu. Oda ya mwanzo wa mwezi ilikuwapo. Ya Alhamisi haikuwapo. Alipandisha kidole, akashusha, akafunga programu, akaifungua tena. Nilimtazama tu nikingojea amalize maigizo yake.

"Ilikuwepo," alisema. "Iliniambia asante, oda yako imepokelewa. Kulikuwa na alama ya kijani. Niliiona."

"Kitinda, nisikilize vizuri. Mwongozo wa mfumo huo nimeuandika mimi. Oda iliyopokelewa haipotei. Kwa hiyo hukuagiza."

"Dada, naapa niliagiza."

"Ulisinzia ukasahau. Sasa unaisingizia mashine kwa kuwa haiwezi kukujibu."

Nilipiga simu kwenye kampuni ya mitungi. Nilifungua spika makusudi, ili kila aliyekuwa chumbani asikie. Mama mmoja akaangalia akasema, "Hatuna oda yenu, ndugu yangu, tangu ile ya mwanzo wa mwezi. Na magari yote yako nje na mvua hii. Mpelekeni mgonjwa hospitali, msisubiri."

Shangazi alikuwa macho muda wote huo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alimgeukia bintiye, na ikamchukua pumzi mbili kuyatoa maneno matatu.

"Hata hilo moja?"

Kitinda alitoka mbio kwenye mvua bila viatu kumwita jirani mwenye gari. Aliporudi alimbeba mama yake mikononi, akashuka naye ngazi zote, kwa sababu lifti ya jengo letu ni pambo. Mimi nilishika mwavuli.

Hapa wamempa hewa na wamemlaza. Daktari ameuliza mgonjwa alikaa muda gani bila oksijeni ya kutosha. Kitinda alifungua mdomo kujibu, nikamjibia mimi.

Jumapili, 26 Aprili

Amepata nafuu kidogo. Anaongea akivua barakoa, kisha anairudisha. Muuguzi aliuliza kama yule binti aliyekaa nje kwenye korido tangu jana naye aingie. Shangazi alitikisa kichwa.

"Asije kwanza," alisema. "Moyo wangu haujapoa."

Nilitoka nikampelekea Kitinda ujumbe huo mwenyewe. Alisema sawa. Akarudi kuketi.

Nilidhani atakwenda nyumbani. Jioni nilipoondoka alikuwa bado yupo, na chupa ya chai aliyomletea mama yake, ambayo hakuna aliyeipokea.

Jumatatu, 27 Aprili

Vilevile. Mvua imepungua.

Jumanne, 28 Aprili

Niliingia ofisini asubuhi nikiwa na nia ya kuomba ruhusa ya siku chache. Karanga alinifuata mezani. Alikuwa amesikia habari.

"Pole na mgonjwa," alisema. Kisha, kwa kuwa hawezi kusimama mahali bila kupiga soga, akaongeza, "Na hongereni kwa ile namba yangu. Siku hizi inajifuta yenyewe. Nilidhani wewe na Fundi mmeitengeneza."

"Namba gani?"

"Ile ninayoiangalia kabla sijasema shusha. Ikiwa nyekundu nasema bado, mpaka ikae sawa. Siku hizi inakuwa nyekundu, halafu mara inapotea."

"Inahesabu nini?"

"Sijawahi kuuliza. Fundi aliniambia niiangalie, nikawa naiangalia."

Nilijikuta nimeshasimama mbele ya meza ya Fundi Mkuu. Sikumbuki kutembea.

"Namba nyekundu ya Karanga inahesabu nini?"

Alivua miwani. Mtu akivua miwani kabla ya kujibu, jibu si zuri.

"Oda ambazo hazijaandikwa kwenye hifadhi ya kudumu."

"Zimepokelewa, lakini hazijaandikwa?"

"Zinakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda. Muda mfupi tu. Ni ili simu ya mteja ijibu haraka, asisubiri. Ilikuwa njia ya muda, nilipanga kuirekebisha."

"Na huduma ikishushwa kabla hazijaandikwa?"

Alitazama huku na huku. "Ndiyo maana tulikuwa tunauliza."

"Uliniambia hazipotei."

"Zilikuwa hazipotei," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kwa sababu tulikuwa tunauliza."

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau wakati ule. Alitoboa shimo kwenye kazi yake, akaliziba kwa midomo ya watu, kisha akaona haya midomo hiyo isije ikaandikwa kwenye mwongozo na kila mtu akajua kuna shimo. Kelele zile za kipuuzi, mikono kiunoni, Shusha na Bado, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Vilivyobaki ni vitufe.

Nilirudi kwenye meza yangu nikamwandikia wakala. Nilimuuliza kama Alhamisi, aliposhusha huduma ya mitungi, kulikuwa na oda ambazo hazijaandikwa.

"Zilikuwapo," alijibu. "Mwongozo unasema oda iliyopokelewa haipotei, na nilipouliza kama kuna mtu wa kujulishwa kabla, nilijibiwa kwamba hakuna. Je, kuna hatua ambayo haimo kwenye mwongozo?"

Niliisoma mara kadhaa. Hakuna kejeli ndani yake, na hilo ndilo baya. Kwa miaka yote nilitaka msomaji atakayeniamini neno kwa neno, asiyeruka mstari, asiyejifanya anajua. Nikampata, nikamlisha uongo wa Fundi, na juu yake nikaongeza "hapana" yangu mwenyewe, niliyoiandika kwa sababu nilichukizwa na maganda ya karanga.

Mambo mawili niliyafanya vizuri leo, niyaandike. Nilimzuia wakala asiguse tena huduma ya oda, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Na niliwapigia kampuni ya mitungi, nikawaambia wawapigie wagonjwa wao wote mmoja mmoja kuuliza nani aliagiza na hakuletewa. Yule mama wa Jumamosi akauliza, "Kwa hiyo ndugu yenu aliagiza?" Nikasema ndiyo.

Mchana nilikwenda hospitali. Kitinda alikuwa kwenye benchi lilelile, na nguo zilezile za Jumamosi. Alisimama aliponiona.

"Kaamkaje?"

"Afadhali," nilisema, nikapita.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari: Shangazi, Kitinda aliagiza, kosa ni letu ofisini. Niliitunga njiani, nikaifupisha, nikaihakiki kama ninavyohakiki kazi zangu. Nilipoingia, uso wake ulichangamka. Alinishika mkono akavua barakoa.

"Wewe hujawahi kuniangusha," alisema. "Nilikulea wa ndugu yangu, kumbe nilikuwa nalea wangu."

Nilimweleza kwamba mvua zimepungua. Nilimweleza kuhusu ndoo ya ofisini, akacheka mpaka akakohoa. Nilimpaka mafuta miguuni. Nitamwambia kesho akiwa na nguvu zaidi. Habari kama hiyo leo ingemchosha.

Jumatano, 29 Aprili

Kikao tangu asubuhi mpaka jioni. Mzee wa Maono anataka neno "kupotea" liondolewe kwenye taarifa kwa wateja, tuseme "kuchelewa." Nilimwambia oda zilizochelewa hufika. Akasema nisiwe na jazba. Fundi Mkuu aliinamia daftari lake akichora maboksi. Sikupata nafasi ya kwenda hospitali.

Alhamisi, 30 Aprili

Shangazi amefariki leo asubuhi. Muuguzi alimwona anabadilika, akatoka kumwita Kitinda aingie. Kitinda aliingia, akakuta ameshakwenda.

Jumatatu, 4 Mei

Tumeshamzika. Nimerudi ofisini kwa kuwa nyumbani siwezi kukaa.

Mzee wa Maono alinipa pole na kunishika bega, kisha akaniuliza kama mwongozo uliorekebishwa utakuwa tayari wiki hii. Mwezi uliopita ningemjibu kitu ambacho angekielewa akifika nyumbani. Leo nilisema utakuwa tayari.

Nimeuandika. Umekuwa mrefu. Una hatua ya kumuuliza mtu, umeeleza ni mtu gani, anaangalia nini, kwa nini, na nini hutokea asipoulizwa. Fundi Mkuu alikuja akaomba kuusoma. Alivuta kiti akausoma wote, mstari kwa mstari, mara yangu ya kwanza kumwona akifanya hivyo. Alipofika mahali palipoeleza kumbukumbu ya muda aliacha kusoma kwa kitambo, kisha akaendelea. Hakuniomba nifute kitu.

"Nilijua kuna siku itaandikwa," alisema.

Nilitaka kumdharau. Niliona kazi hiyo nimeshaifanya vya kutosha, na haikumsaidia mtu yeyote. Karanga alituletea chai sote wawili bila kuombwa, akarudi dirishani kwake.

Jumamosi, 9 Mei

Jua limetoka. Kitinda alikuwa chumbani kwa Shangazi akikunja nguo za mama yake, anatenga za kugawa na za kubaki. Tangu mazishi tumekuwa tukipishana kwenye korido kama wapangaji. Mtungi mtupu ulikuwa bado umesimama kando ya kitanda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia.

Nilimwambia yote, bila maneno ya ofisini. Kwamba oda yake ilipokelewa kweli, alama ya kijani ilikuwa ya kweli, na mashine yetu iliishusha huduma kabla oda haijaandikwa popote. Kwamba mashine iliuliza kama kuna mtu wa kujulishwa, na mimi ndiye niliyesema hakuna.

Alisikiliza akiwa amesimama, gauni la mama yake mikononi.

"Kwa hiyo niliagiza," alisema.

"Uliagiza."

Aliketi chini, sakafuni, akaegemea kabati.

"Nilishaanza kujitilia shaka," alisema. "Pale kwenye benchi nilikuwa nikijiuliza labda niliota. Nilikuwa silali, Dada. Mama alikuwa akikohoa usiku kucha, nikawa sijui tena nimefanya nini na nini sijafanya. Nikasema labda kweli nimemuua mama."

Nilisema sivyo. Nilisema kosa ni langu. Hakuonekana kulisikia, au hakuona kwamba lina kazi yoyote kwa wakati huo.

"Mama alijua?"

"Hapana."

Alilikunja gauni, akaliweka kwenye za kubaki. Alichukua jingine.

"Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema Ijumaa, baada ya kila kitu. Hakuna ambaye angebisha.

"Jumanne," nilisema.

Mikono yake ilisimama. Nilimwona anarudi nyuma kwenye siku zile, moja baada ya nyingine, mpaka akaifikia.

"Jumanne mchana ulipita pale kwenye benchi. Nikakuuliza kaamkaje, ukasema afadhali."

"Ndiyo."

"Ukaingia kwake."

"Nikaingia."

"Ukakaa naye muda gani?"

"Mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha," nilisema.

Kitinda aliendelea kukunja nguo.